Macho makavu: historia ndefu kuliko kompyuta

Wadau, anayeshinda mbele ya kompyuta anaijua hali hii: ikifika saa kumi jioni macho yanawasha kama yametiwa mchanga, na ajabu ni kwamba wakati huo huo yanatoa machozi. Ukiuliza hapa Kinoru utaambiwa ni mwanga wa skrini, nenda ununue miwani ya kuuchuja. Historia inaelekeza kwingine.

Mwaka 1666 Mjerumani Heinrich Meibom alieleza tezi ndogo zilizopangwa ukingoni mwa kope. Tezi hizo hutoa mafuta, nayo huelea juu ya machozi na kuyazuia yasikauke haraka. Hata hivyo, kwa miaka mingi madaktari walikazania maji. Mwaka 1903 Otto Schirmer alieleza kipimo cha kipande cha karatasi kinachoning'inizwa kwenye kope ya chini. Siku hizi kikilowa chini ya milimita 5 kwa dakika 5, machozi ni haba. Mwaka 1933 Henrik Sjögren wa Uswidi aliandika juu ya wanawake 19 wenye macho makavu, 13 kati yao wakiumwa viungo. Baadaye ilieleweka kwamba kinga ya mwili wao wenyewe ilikuwa ikishambulia tezi za machozi na mate.

Kwetu Meru kuna sababu nyingine ya zamani: trakoma, ule ugonjwa wa vikope. Uchunguzi wa mwaka 2004 uliikuta Meru Kaskazini. Vijidudu vyake huenezwa na mikono, vitambaa na nzi, na mtoto akiambukizwa tena na tena, upande wa ndani wa kope huota makovu. Makovu huziba njia za machozi na kuua chembe zinazotoa ute unaoyashikilia jichoni. Yaani ukosefu wa maji ya kunawa uso unaweza kuishia kukausha jicho lenyewe!

Sasa turudi kwenye skrini. Mwaka 1993 Tsubota na Nakamori wa Japani walihesabu watu wanavyopepesa macho: kama mara 22 kwa dakika wakiwa wametulia, mara 10 wakisoma kitabu, mara 7 tu mbele ya kompyuta. Kupepesa ndiko kunakotandaza machozi na kukamua yale mafuta ya Meibom. Usipopepesa maji huruka, chumvi inayobaki huwa kali, ngozi ya jicho huvimba, na uvimbe huo huharibu machozi zaidi. Waandishi wa programu wataitambua: ni luupu isiyo na mwisho. Ripoti ya wataalamu wa kimataifa ya mwaka 2007 iliiweka chumvi hiyo na uvimbe katikati ya maana ya ugonjwa.

Na yale machozi ya saa kumi? Neva zilizokereka huagiza maji mengi kwa ghafla. Hufurika hadi shavuni, na tatizo la mafuta linabaki pale pale. Ndiyo maana kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kikiwekwa juu ya kope zilizofumbwa, huwasaidia wengi: huyeyusha mafuta yaliyoganda. Miwani haiwezi kukupepesea.