Urafiki: kiwanda kilichojengwa pamoja na nyumba za kupanga

Kituo cha mwendokasi cha Urafiki, Barabara ya Morogoro, Ubungo, Dar es Salaam, kimechukua jina la kiwanda. Kiwanda hicho cha nguo, kilichojengwa kwa mkopo wa China usio na riba, kilifunguliwa mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha. Ndani ya uzio mmoja pamba ilisokotwa, ikafumwa, ikachapwa kuwa kanga na vitenge. Linalosahaulika ni kwamba kiwanda kilikwenda na makazi: kota za Urafiki, magorofa ambamo mtu wa zamu ya usiku aliweza kutoka na kufika kazini kwa miguu. Kwa hiyo wanaodhani kwamba kugeuza kumbi za viwanda vya zamani kuwa nyumba za kupanga ni anasa ya ughaibuni, hawajaitazama vizuri historia ya Ubungo. Hapa kazi na malazi vilipangwa pamoja tangu mwanzo.

Hata huko ughaibuni hadithi haikuanza na matajiri. Mtaa wa SoHo, New York, ulikuwa wa viwanda na maghala. Viwanda vilipohama, wasanii wakaingia kinyume cha sheria kwa sababu kodi ilikuwa ndogo, na mwaka 1971 jiji likawaruhusu kuishi humo. Anasa ilikuja baadaye, kodi ikapanda na wengi wao wakashindwa kubaki. Kosa halikuwa la majengo. Urafiki nao uliyumba: mwaka 1997 ukawa ubia, China asilimia 51 na Tanzania 49, huku mitumba na kanga za kutoka nje zikijaa sokoni. Ajira zilipungua, lakini kota hazikubaki tupu; ziliendelea kukaliwa, hata na watu ambao hawajawahi kugusa mashine ya kufumia. Kumbi za viwanda jijini nazo hugeuka maghala au makanisa, na Mikocheni, tangu 2008, Nafasi Art Space imewapa wasanii karakana katika eneo la viwanda vidogo. Mageuzi yanaendelea kila siku. Kilichokosekana ni kuyapanga kwa ajili ya makazi.

Wapo watakaosema kiwanda kifufuliwe kwanza. Ni hoja nzito, na pale uzalishaji unapowezekana sitaki ukumbi hata mmoja uguswe. Ila viwanda vipya vya nguo vina eneo lililoandaliwa jirani tu, Mabibo, katika ukanda wa Benjamin William Mkapa. Ukumbi uliosimama bure hauwezi kusubiri milele. Pingamizi jingine, la joto, ni gumu zaidi. Ukumbi wa kufumia hutengenezwa kwa ajili ya uzi: ni mpana, na hewa yake huwekwa unyevu kwa sababu pamba ikikauka hukatika. Anayelala katikati yake hapati mwanga wala upepo. Dawa ni kutoboa paa katikati na kupata ua wa ndani, vyumba vikauzunguka kama nyumba zetu za Kiswahili, na udongo wa sehemu ya kuchapia upimwe rangi na kemikali kabla mtoto hajacheza hapo. Gharama ipo, sibishi.

Wengine watasema: bomoa, jenga upya, kama Magomeni Kota, ambako kaya 644 zilipata magorofa mapya mwaka 2022. Lakini Magomeni palikuwa na wakazi wanaojulikana, wenye madai yao. Ukumbi wa kiwanda hauna mkazi. Ukibomolewa, hakuna mtu wa Manzese, mtaa wa jirani, mwenye haki ya kudai chumba katika kitakachojengwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 nayo haiulindi ukumbi huo moja kwa moja, kwani majengo inayoyatambua kwa umri pekee ni ya kabla ya 1863. Mengine husubiri tangazo la waziri.

Basi jambo la kupigania ni masharti ya upangaji, na yaandikwe kabla fundi hajapanda juu ya paa. Sheria ya kudhibiti kodi ya 1984 ilifutwa mwaka 2005, na leo mpangaji wa Dar es Salaam hudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, juu yake malipo ya dalali. Nyumba zitakazotoka ndani ya kumbi za Urafiki zilipiwe kodi mwezi kwa mwezi, na sehemu yake itengwe kwa wenye vipato kama vya wale waliojengewa kota.