Hifadhi ya Corbett: Kanuni Zilizowaokoa Chui Milia

Anayepanga safari ya kuwaona chui milia katika Hifadhi ya Taifa ya Corbett, kaskazini mwa India, hukutana kwanza na masharti. Kibali huombwa mapema kupitia intaneti, kwa jina lilivyo kwenye pasipoti. Magari yanayoingia yana idadi maalumu, na kila kanda ina msimu wake. Dhikala, kanda inayotafutwa kuliko zote, hufunguliwa katikati ya Novemba na kufungwa katikati ya Juni, mvua za kusi zinapokaribia. Nyuma ya masharti hayo ipo historia ndefu ya damu.

Enzi za ukoloni, kuua chui milia kulikuwa fahari ya maharaja na maofisa wa Kiingereza. Misitu hii ilimlea Jim Corbett, aliyezaliwa Nainital mwaka 1875. Alipata umaarufu kwa kuwawinda chui milia waliokula watu; jike wa Champawat, aliyemuua mwaka 1907, alihesabiwa kuwa amekula watu 436. Lakini afisa misitu F. W. Champion alikuwa akiwatega wanyama hao kwa kamera, na kazi yake ilimvutia Corbett. Taratibu mwindaji akageuka mtetezi.

Tarehe 8 Agosti 1936 ikazaliwa hifadhi ya kwanza ya taifa nchini India, ikapewa jina la gavana Malcolm Hailey. Corbett alisaidia kuchora mipaka yake. Mwaka 1947 alihamia Nyeri, Kenya, pamoja na dada yake Maggie, na huko ndiko alikofia na kuzikwa mwaka 1955. Baada ya kifo chake, India huru iliipa hifadhi hiyo jina lake.

Jina peke yake halikutosha. Sensa ya mwaka 1972 ilikadiria chui milia 1,827 tu India nzima. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kulinda wanyamapori, na tarehe 1 Aprili 1973 Mradi wa Chui Milia ukazinduliwa papa hapa Corbett. Msingi wake ulikuwa kuacha kitovu cha msitu bila mifugo wala ukataji miti. Hata hivyo, bwawa la mto Ramganga, lililokamilika miaka hiyohiyo, lilizamisha sehemu ya mabonde ya nyasi ya hifadhi.

Makadirio ya mwaka 2022 yalifikia wastani wa chui milia 3,682 nchini, 260 kati yao wakiwa Corbett.

Basi anayekwenda aombe kibali mapema, afikie mji wa Ramnagar, atenge siku kadhaa, wala asimshurutishe dereva kumfukuza mnyama. Huenda chui milia asionekane kabisa. Msitu unaompa nafasi ya kujificha ndio huohuo unaomweka hai.