Nyota ya Jaa na Kilimia: Asili ya Majina na Kazi za Watu

Msomaji aliyelelewa Baba Dogo, Nairobi, akikuta katika shairi mpenzi anaitwa "nyota ya jaa", huenda akastaajabu. Kwake jaa ni la taka, na lile la Dandora haliko mbali. Maneno haya mawili yanafanana kwa umbo tu. Jaa ya nyota ni al-Jah, jina ambalo mabaharia wa Kiarabu waliipa nyota ya kaskazini, nao walilipata katika Kiajemi. Ahmad ibn Majid alilitumia katika maandishi yake ya uanahewa wa baharini katika karne ya 15. Dira ya mabaharia hao ilikuwa na pande 32, zilizoitwa kwa macheo na machweo ya nyota. Ndiyo sababu Kiswahili kina jaa kwa kaskazini, suheli kwa kusini, na matlai kwa upande wa macheo.

Lakini nyota ya jaa haionekani Mombasa, mji ulio takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Baharia huanza kuiona akishavuka ikweta kuelekea Arabuni. Kwa hivyo jina hili halikuziba pengo la watu waliokosa majina ya nyota zao. Lilifika pamoja na safari.

Hoja hii inathibitishwa na Kilimia. Kundi hilo, ambalo Waarabu huliita Thurayya, limehifadhi jina lenye mzizi wa kulima, kwa kuwa liliwatambulisha wakulima majira. Wazulu na Waxhosa, walio mbali na pwani yetu, huliita isiLimela. Jina la Kiarabu nalo liliingia katika Kiswahili, ila thurea hufahamika zaidi kuwa taa ya matawi itundikwayo darini.

Katika mjadala wa asili ya Kiswahili, ambao Chiraghdin na Mnyampala waliuchangia kwa kitabu chao cha 1977, maneno ya mkopo aghalabu huhesabiwa kana kwamba wingi wake ndio hoja. Majina ya nyota yanatuonya dhidi ya hesabu hiyo: jembe lilikuwa na nyota yake, na chombo kikawa na zake. Mhakiki asiishie kuuliza neno limetoka wapi. Aulize pia lilifanya kazi gani. La sivyo, atadhani mshairi amemfananisha mpenzi wake na taka, ilhali amemwita kiongozi wa njia.