Mwitikio wa Swichi na Mwitikio wa Kizingiti

Hamira inayouzwa madukani Tukuyu kwa ajili ya maandazi huitwa kisayansi Saccharomyces cerevisiae. Spishi hiyohiyo huchachua pombe nyingi za nafaka barani Afrika. Maabara nazo zimeitumia sana kuchunguza namna seli inavyoamua kugawanyika, na katika uchunguzi huo zimo istilahi mbili ambazo Kiswahili hakina budi kuzitenganisha.

Ndani ya seli ya hamira mna protini iitwayo Sic1, inayozuia DNA isianze kunakiliwa kabla ya wakati. Vimeng'enya viitwavyo kinasi huipachika fosfati. Vingine, fosfatasi, huzibandua. Mwaka 2001 Piers Nash na wenzake walieleza kwamba Sic1 ina sehemu 9 za kupachikwa fosfati, na kwamba angalau 6 zikishajaa ndipo huharibiwa na kazi ya kunakili huanza.

Seli haiwezi kunakili nusu nusu. Inahitaji mwitikio wa swichi: kichocheo kikizidi kidogo, jibu linaruka kutoka karibu na sifuri hadi karibu na ukamilifu, kama taa inavyowashwa.

Je, wingi wa sehemu unatosha kuleta mruko huo? Tuite u uwiano wa nguvu ya kinasi kwa ile ya fosfatasi. Katika modeli rahisi, ambamo fosfati hupachikwa moja moja kwa mpangilio na vimeng'enya havijaelemewa, protini zenye fosfati 0, 1, 2 na 3 huwa katika uwiano wa 1, u, u², u³, na kuendelea hivyo.

Sasa tupandishe u kutoka 0.5 hadi 2. Kwa protini ya sehemu moja, zilizojaa hupanda taratibu, kutoka asilimia 33 hadi 67. Ikiwa ni lazima sehemu zote 9 zijae, protini zilizokamilika hutoka asilimia 0.1 na kufika 50 tu. Kufikia asilimia 90 kunadai u iwe 10. Lakini zikitosha 6 kati ya 9, jibu linaruka kutoka asilimia 1.5 hadi 94.

Jeremy Gunawardena alilisema hili mwaka 2005: wingi wa sehemu huweka kizingiti kizuri, ila huenda ukawa swichi mbovu. Kwa hiyo napendekeza fasili hizi:

Mwitikio wa kizingiti: jibu linalobaki karibu na sifuri mpaka kichocheo kifike kiwango fulani, pasipo sharti la kasi baada ya hapo.

Mwitikio wa swichi: jibu lenye kizingiti ambalo, kichocheo kikishakivuka kizingiti hicho, hukaribia ukamilifu kwa ongezeko dogo la kichocheo.

Kila swichi ina kizingiti. Si kila kizingiti ni swichi. Walimu na watunga kamusi wasizifanye visawe.