Simu Yako Ilikuwa Haiingii Maji? Fundi Akishaifungua, Hesabu Inaanza Upya

Iko hivi. Umetoka Makutano pale Meru saa kumi na mbili jioni, umekalia nduthi, na mvua ya Mlima Kenya inakuja bila kupiga hodi. Simu iko mfukoni. Huna presha, juu siku ya kuinunua uliambiwa hii kitu ni "waterproof", na mwaka jana ilianguka kwa beseni ya nguo ikatoka fiti kabisa. Unafika keja, unaitoa, skrini imejaa mistari na spika inakoroma kama mzee aliyeshiba. Dakika kumi baadaye, giza.

Kitu umesahau ni kimoja tu: miezi mitatu iliyopita ulibadilishiwa skrini.

Wasee wengi, kuanzia Meru mpaka Embu, wanapoteza simu hivyo. Na simu siku hizi si ya kupiga tu. Ndani kuna M-Pesa, kuna kazi za chuo, kuna wateja wa online, na mara nyingi kuna deni: simu imezima na bado unailipia kidogo kidogo kila siku. Kwa hivyo wacha tuongee vizuri hii mambo ya simu na maji.

Maji yanazuiliwa na nini?

Hakuna uchawi. Simu haizuii maji juu ya bodi spesheli ndani yake. Inazuia juu kila mlango umezibwa. Kuna gundi nyembamba inayozunguka skrini yote, na nyingine inayoshika kioo cha nyuma. Kuna kipete cha mpira kwa trei ya laini, na kingine kwa tundu la chaji. Kwa spika na maikrofoni kuna kiwavu chenye matundu madogo sana: hewa inapita, tone la maji linakwama.

Fikiria paa la mabati. Mabati yanaweza kuwa mapya, lakini shimo moja la msumari linatosha kulowesha kitanda. Simu ni hivyo hivyo. Mlango mmoja ukiachwa wazi, hiyo mingine yote ni bure.

Zile namba za IP zinamaanisha nini?

Ukicheki boksi ama ukisoma sifa za simu yako mtandaoni, utaona IP na namba mbili. Hicho ni kipimo cha kimataifa, kinaitwa IEC 60529. Namba ya kwanza ni ya vumbi, inaishia 6. Ya pili ni ya maji.

- IP53 na IP54: inavumilia manyunyu na kumwagikiwa kidogo. Kuizamisha, zii. Hapa ndipo ziko simu nyingi za bei ya kawaida, kama Galaxy A16 na Redmi Note 13.
- IP67: inaweza kukaa kwa maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Galaxy A54 iko hapa.
- IP68: inaenda chini zaidi ya hapo, lakini kina na muda anasema mwenye kuitengeneza. Galaxy S7 ya 2016 ilipewa mita 1.5 kwa dakika 30. iPhone 12 ilipewa mita 6 kwa dakika 30.
- Hakuna IP popote: chukulia haizuii chochote, hata kama muuzaji ameapa kwa jina la mamake.

Sasa sikiza hapa vizuri. Hiyo test inafanywa kwa maabara, na simu mpya, kwa maji safi yaliyotulia. Maji ya Omo si maji safi. Sabuni inasaidia maji kupenya pale yalikuwa yanakwama. Maji ya chumvi yanakula chuma. Rupingazi ama Kathita zikiwa zimefura hazijatulia. Na kama unaosha magari, jua hii: simu ya IP67 haijapimwa kwa maji ya presha. Kuzama na kupigwa na mpira wa car wash ni mitihani miwili tofauti, na kupita mmoja si kupita mwingine.

Hata bila fundi, kinga inazeeka

Gundi inachoka. Simu ikianguka, fremu inapinda kidogo sana na wewe huoni. Ukiiacha kwa dashibodi ya mathree ama juani shambani, joto linalegeza gundi. Mvuke wa maji moto bafuni unaingia pale matone hayaingii. Kioo kikipasuka hata kidogo kwa kona, hesabu hiyo kinga imeenda.

Kampuni zenyewe zinajua. Apple inasema wazi kwamba kinga ya maji si ya milele na inaweza kupungua kwa matumizi ya kawaida, na waranti yake haigharamii uharibifu wa maji. Mwaka wa 2020, Italia iliipiga Apple faini ya euro milioni 10, sababu moja ikiwa ni matangazo ya maji ambayo hayakueleza vizuri kwamba ni mambo ya maabara. Mwaka wa 2022, mahakama ya Australia iliitoza Samsung ya huko dola milioni 14 za Australia kwa matangazo yaliyoonyesha simu za Galaxy kwa swimming pool na baharini, wakati tundu la chaji lingeweza kuharibika ukichaji kama bado liko na maji.

Kama zile kampuni kubwa zimebanwa hivyo, wewe usiamini maneno ya duka bila kuuliza.

Fundi akifungua, nini kinatokea?

Ili abadilishe skrini, betri ama tundu la chaji, fundi anapasha simu moto mpaka gundi ilegee, kisha anaibandua. Hiyo gundi ya kampuni imekufa hapo hapo. Haiwezi kurudi kazi kwa kubonyezwa tu.

Fundi mpole anafanya hivi: anakwangua gundi yote ya zamani, anasafisha ukingo na spiriti mpaka ung'ae, anaweka gundi mpya iliyokatwa kwa umbo la simu yako, anarudisha vipete vya mpira vyote, kisha anabana simu na klipu ama rababendi. Kama ametumia ile gundi ya tyubu kama B-7000, inashika haraka lakini inakomaa baada ya saa 24 hadi 48.

Fundi wa haraka anapaka gundi juu ya gundi ya zamani, anaruka kona, anakupea simu ikiwa bado ina joto. Ukiangalia, inakaa fiti tu. Tofauti utaijua siku ya mvua.

Na tusiwalaumu mafundi wote. Mara nyingi ni sisi tunasimama hapo tukisema "fundi, harakisha, mathree inajaa." Tunabishana bei mpaka gundi mpya inakatwa kwa bajeti. Fundi anafanya kile amelipiwa.

Maswali ya kuuliza kabla hajashika bisibisi

1. "Fundi, utaweka gundi mpya ya umbo la hii simu ama ya tyubu?" Ya umbo ni bora. Ya tyubu inaweza kufanya kazi ikipakwa mzunguko wote bila kuruka.
2. "Hii skrini ni orijino ama kopi?" Kopi nyingine haikai sawa kwa fremu. Ikiinuka hata kidogo, maji yamepata mlango.
3. "Fremu iko sawa?" Kama imepinda, hakuna gundi itaokoa.
4. "Ukibadilisha tundu la chaji, utarudisha kipete chake?"
5. "Niiache mpaka saa ngapi?" Jibu zuri ni refu. Iache ibanwe, urudi kesho kama unaweza.
6. "Utanisaidia aje ikiingia maji?" Fundi mkweli atakwambia hawezi kukuahidi kinga kama ya kiwandani. Huyo mwamini kuliko yule anaahidi bahari.

Chukua risiti na uandikiwe kazi iliyofanywa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mteja haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Bila karatasi, itakuwa neno lako na lake.

Utajuaje imezibwa?

Kwanza, usiitumbukize kwa ndoo ujaribu. Hiyo si test, hiyo ni kamari.

Pitisha ukucha polepole mzunguko wote wa skrini. Ukisikia mwanya ama ikibonyea upande mmoja, irudishe. Angalia pia kama mwanga unavuja kwa ukingo.

Kama simu yako ina kipima hewa ndani, kama iPhone za miaka hii na Galaxy S nyingi, kuna programu zinazosoma presha. Unabonyeza skrini kidogo. Simu iliyozibwa, namba inapanda na kukaa. Ikirudi chini mara moja, hewa inatoroka. Na pale hewa inatoka kirahisi, maji yanaweza kuingia. Simu nyingi za bei ya chini hazina hicho kipimo.

Imeloa tayari? Fanya hivi

- Izime. Usiijaribu jaribu kama bado inafanya.
- Usichaji. Maji na umeme pamoja ndiyo yanakula bodi haraka.
- Toa kava, toa trei ya laini, panguza na kitambaa kikavu.
- Ishike tundu la chaji likiangalia chini, igonge polepole kwa kiganja.
- Iache mahali pakavu penye hewa, feni ikiwepo ni poa. Tundu la chaji linaweza kuchukua siku nzima kukauka.
- Usitumie bloa, jiko wala oveni. Joto linamaliza hata gundi iliyobaki.
- Usichomeke pamba wala kijiti kwa tundu.

Na mchele? Najua Mwea iko hapo tu ukitoka Embu, pishori si shida. Lakini pishori ni ya pilau. Haivuti maji yaliyo ndani ya simu, na vumbi lake linaingia kwa matundu. Apple yenyewe imeandika usiweke simu kwa mchele.

Kama simu ilishafunguliwa na imezama, usingoje siku tatu "ikauke yenyewe". Kutu inaanza mapema. Ipeleke ifunguliwe na bodi isafishwe na spiriti, hata kama inaonekana kuwaka.

Wakati unangoja, toa laini uiweke kwa kabambe. M-Pesa inafuata laini, si simu. Piga *334# na maisha yaendelee. Picha na namba za watu, hizo unaziokoa kabla: washa hifadhi ya mtandaoni leo, si siku ya msiba.

Kwa hivyo?

Mvua ndefu ni Machi mpaka Mei, na zile za Oktoba mpaka Desemba huku mashariki ya mlima hazichezi. Juala za kubebea ziliharamishwa 2017, lakini kipochi cha simu chenye kufunga juu bado kinauzwa, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na skrini mpya. Kama wewe ni wa nduthi na simu inakaa kwa usukani ikikuonyesha njia, hicho kipochi ni lazima, IP68 ama bila.

Sheria ya kukaa nayo kichwani ni fupi: simu ambayo haijawahi kufunguliwa, iamini kiasi. Simu iliyofunguliwa, ichukulie kama haina kinga hata kidogo, hata kama fundi alikuwa noma. Akiwa alifanya kazi safi, hiyo kinga ni bonasi ya siku mbaya. Isiwe sababu ya kwenda kuoga nayo.