Mirugi Kariuki: Wakili wa Nakuru Aliyeishia Ofisi ya Rais

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, lakini miaka ya themanini ulikuwa mji ambao wakili alijulikana kwa jina na watu walijua ni ngazi gani za kupanda kufika ofisini kwake. Kazi haikukosekana. Kampuni kama Ngwataniro zilikuwa zimenunua mashamba ya walowezi kwa hela za wanachama, na baadaye ugomvi wa nani ana hisa ngapi na ekari zake ziko wapi ukaanza. Wakili mjanja angekula vizuri kwa mashamba peke yake mpaka azeeke.

Ila Nakuru ilikuwa na kitu kingine. Kabarak, nyumbani kwa Rais Daniel arap Moi, ni kama kilomita 20 kutoka mjini. Ikulu nyingine iko pale pale Nakuru. Kuishtaki serikali ukiwa Nairobi ni jambo moja. Kuishtaki ukiwa jirani ya mwenye serikali ni jambo jingine kabisa.

Mirugi Kariuki alikuwa wakili wa mji huo. Mwaka 1986 serikali ilianza msako wa Mwakenya, kundi la siri lililodaiwa kupanga kuipindua. Walimu, wanafunzi wa vyuo, wakulima na waandishi walishikwa, wakapelekwa Nyayo House, jengo refu katikati ya Nairobi ambalo mwananchi wa kawaida aliliendea kutafuta pasipoti. Chini yake kulikuwa na seli zenye giza ambamo watu walisimamishwa majini kwa siku nyingi bila chakula, kisha wakapandishwa ghorofa za juu kuhojiwa. Wengi walifikishwa mahakamani jioni, bila wakili, wakakiri makosa, hao Kamiti.

Mirugi naye alishikwa, akawekwa kizuizini bila mashtaka. Sasa sikia kilichofuata. Mwanzoni mwa 1987 wakili Gibson Kamau Kuria aliiarifu serikali kwamba angeishtaki kwa mateso kwa niaba ya wateja watatu waliokuwa kizuizini: Wanyiri Kihoro, Mukaru Ng'ang'a na Mirugi Kariuki. Haikuchukua muda, Kuria mwenyewe akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Wateja ndani, wakili wao ndani. Machi hiyo hiyo Moi akiwa Marekani kuonana na Rais Ronald Reagan, gazeti la Washington Post lilichapisha habari za mateso hayo. Karatasi za mawakili zilikuwa zimevuka bahari kabla hazijasikizwa na jaji wa Nairobi.

Aliyeona vijana wakitekwa mchana kweupe mwaka 2024, halafu mawakili wakikimbia kortini kudai waletwe wakiwa hai, anajua mchezo huu. Tofauti ni kwamba wakati ule sheria yenyewe iliruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Wakili hakuwa na pa kushika.

Wengi wangerudi kwenye kesi za mashamba na kunyamaza. Oktoba 1990 Mirugi alishikwa tena, safari hii pamoja na wakili mwenzake Rumba Kinuthia na Koigi wa Wamwere, aliyekuwa mbunge wa Nakuru Kaskazini kabla ya kukimbilia Norway. Shtaka lilikuwa uhaini, na adhabu ya uhaini ni kifo. Norway ilipopiga kelele juu ya kesi hiyo, Moi alikata uhusiano wa kibalozi nayo.

Walikaa rumande zaidi ya miaka miwili. Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, akiwemo Monica Wangu, mamake Koigi, waligoma kula pale Uhuru Park wakitaka wana wao waachiliwe. Polisi waliwapiga, wakahamia kanisa la All Saints, na hawakuacha. Mashtaka ya uhaini yaliondolewa Januari 1993. Nikiulizwa, akina mama wale waliifanyia kesi hiyo kazi kubwa kuliko kifungu chochote cha sheria, na sidhani wakili kama Mirugi angelipinga hilo.

Alirudi Nakuru, na Bonde la Ufa lilikuwa linawaka. Molo, Burnt Forest, watu walichomewa nyumba na kufukuzwa kwenye mashamba waliyonunua. Koigi alishikwa tena, akashtakiwa kwa uvamizi wa kituo cha polisi cha Bahati, na kesi ikasikilizwa papo hapo Nakuru. Mirugi alikuwa miongoni mwa mawakili wake. Oktoba 1995 Koigi na wenzake wawili walihukumiwa miaka minne na viboko sita.

Desemba 2002 upepo wa NARC ulimpeleka Bungeni kama mbunge wa Nakuru Mjini. Koigi aliingia pia, kupitia Subukia. Februari 2003 seli za Nyayo House zilifunguliwa umma uzione, na waliofungwa mle wakaonyesha waliposimamishwa. Ulikuwa mwezi mtamu.

Baada ya serikali kushindwa kwenye kura ya maoni ya Novemba 2005, Rais Mwai Kibaki alivunja baraza la mawaziri na kuunda jipya. Mirugi akawa waziri msaidizi wa usalama wa ndani, katika Ofisi ya Rais. Ndiyo, usalama. Ofisi ambayo miaka ya themanini ilikuwa na makachero waliomshika sasa ilikuwa na meza yenye jina lake. Machi 2006 polisi waliofunika nyuso walivamia gazeti la Standard na runinga ya KTN usiku, wakachoma magazeti. Waziri wake, John Michuki, aliwaambia Wakenya kwamba ukimchokoza nyoka utaumwa. Hapo ndipo swali linauma: aliyewahi kuishtaki serikali afanye nini akiwa ndani yake? Kujiuzulu? Kubaki apiganie mageuzi polepole? Simhukumu kama msaliti, kwa sababu miezi michache kwenye kiti haitoshi kumpima mtu. Lakini rekodi yake ya zamani isitumike kufuta swali.

Muda wa kujibu hakupewa. Aprili 10, 2006, ndege ya jeshi ilianguka Marsabit katika hali mbaya ya hewa na kuua watu 14. Walikuwa wakienda kutafuta amani kati ya jamii za kaskazini, baada ya mauaji ya Turbi ya Julai 2005. Mirugi alikufa pamoja na wabunge wenzake Bonaya Godana, Abdi Sasura, Titus Ngoyoni na Guracha Galgallo. Julai wapiga kura wa Nakuru Mjini walimpa kiti mwanawe, William.

Kesi za mateso zilikuja kusikizwa baadaye. Julai 2010, miaka 23 baada ya notisi ya Kuria, Mahakama Kuu iliamuru serikali iwalipe fidia watu 21 walioteswa Nyayo House, karibu shilingi milioni 40 kwa jumla.