Jinsia za mpapai

Mpapai (Carica papaya) ni mmea wenye jinsia tatu: dume, jike na huntha. Jinsia hizo hutokana na kromosomu. Mpapai jike una XX, dume XY, na huntha una X pamoja na aina nyingine ya Y iitwayo Yh. Kiinitete chenye Y mbili, za aina yoyote, hufa. Kwa hiyo huntha ukijichavusha huzaa huntha wawili kwa kila jike mmoja, bila dume.

Y na Yh zinafanana mno. Inakadiriwa zilitengana miaka 4,000 hivi iliyopita, yaelekea kwa sababu wakulima wa Amerika ya Kati walichagua miti ya huntha.

Kuutazama mche hakusaidii kitu: jinsia hujulikana maua yakitoka, ya dume yakining'inia kwenye vikonyo virefu. Ndiyo maana wakulima hupanda miche kadhaa katika shimo moja, kisha hung'oa isiyotakiwa.